Mshahara mmoja, mwajiri mmoja: kwa nini wa mwenzangu usome jana usiku na wangu mpaka leo mchana bado?

#1 Chaki Nyeupe (Ijumaa tarehe 24, saa 5:40 asubuhi)
Habari wakuu.
Niende moja kwa moja. Mimi ni mwalimu wa sekondari, halmashauri sitaitaja. Ofisini tunakaa watatu meza moja, wote daraja moja la mshahara, TGTS D, wote wimbi moja la ajira, barua zetu zina tarehe moja. Jana saa 3 usiku mwenzangu wa Fizikia kaniandikia neno moja tu: "Umesoma", yaani mshahara umeonekana kwenye akaunti. Leo kaja na chapati za ofisi nzima. Wa Kiswahili wake umesoma saa 11 alfajiri, meseji ndiyo iliyomwamsha. Mimi mpaka naandika hapa, kimya. Tunatofautiana kitu kimoja tu: benki.
Leo Ijumaa. Saa 10 jioni ikipita ndiyo nimeliwa mpaka Jumatatu? Kuna mtu wa mahindi nimempanga Jumamosi asubuhi.
Swali: mshahara huwa "unaingia" saa ngapi hasa, na nani anaamua? Naomba kuwasilisha.

#2 Nusu Kilo (saa 5:44)
Umeangalia salio au unasubiri meseji? Hivyo ni vitu viwili tofauti.

#3 Mla Kwa Mkopo (saa 5:51)
Ngoja waje wanaojua. Mimi ninachojua, Mangi mwenye duka mtaani kwangu huwa anajua kabla ya Hazina. Jana jioni kaniita "bosi". Mwezi mzima alikuwa ananiita "wewe".

#4 Kaunta Namba 4 (saa 6:02 mchana)
Nimefanya kazi benki miaka tisa, sasa nafuga kuku, kwa hiyo naongea bila woga.
Watu mnadhani mshahara ni kama kumrushia mtu hela kwa simu. Siyo. Kuna hatua. Mwajiri anaandaa faili lenye majina, akaunti na kiasi. Anaidhinisha. Fedha zinatoka benki yake kwenda benki zenu kupitia mifumo ya BoT, yaani Benki Kuu. Benki yako inapokea vitu viwili: jumla ya fedha na orodha ya watu. Inalinganisha. Vikikubaliana, inaposti kwenye akaunti moja moja. Meseji inatoka mwisho kabisa, na inatoka kwenye mfumo mwingine.
Sasa hapo kwenye kulinganisha na kuposti kila benki ina spidi yake. Kuna inayoposti usiku ule ule, kuna inayosubiri watu waje kazini saa 2 asubuhi. Na usiku kuna kufunga hesabu za siku. Faili likigonga katikati ya kufunga, linakaa mlangoni mpaka mfumo umalize. Usiku mwingine unamaliza saa 8, mwingine unakwama mpaka jua linachomoza. Nishawahi kulala kwenye kiti kwa sababu hiyo.
Kwa hiyo Chaki, usimlaumu Hazina. Hazina kashatoa, ushahidi ni chapati ulizokula.

#5 Mzee wa Riba (saa 6:10)
Mkuu #4 umeeleza vizuri lakini umeruka penyewe. Benki ikikaa na mishahara ya walimu elfu kadhaa usiku mmoja, inaizungusha. Asubuhi imeshapata chake, ndipo inakupa chako. Mengine yote, sijui mfumo, sijui kulinganisha, ni chai.

#6 Kaunta Namba 4 (saa 6:15)
Mzee wa Riba, saa 4 usiku tuzungushe kwa nani? Soko limefungwa.

#7 Mzee wa Riba (saa 6:16)
Kwani mimi ndiye niliyefanya kazi benki?

#8 Chaki Nyeupe (saa 6:20)
@Nusu Kilo nimeangalia. 3,450. Ni ile ile ya tangu tarehe 11.

#9 Nusu Kilo (saa 6:22)
Pole. Nimeuliza kwa sababu mwezi wa kwanza nilikaa na njaa siku mbili nasubiri meseji, kumbe simu imejaa haipokei. Shemeji yangu kaja kuazima elfu kumi, nikamwonyesha salio kumthibitishia sina. Zikasoma mbele yake. Sikuwa na pa kuficha uso.

#10 Ndimi Mhasibu (saa 6:41)
Walimu mna bahati ya kusema "Hazina imetoa". Sisi sekta binafsi naomba niwaambie ukweli mchungu: mara nyingi tatizo siyo benki, ni sisi.
Nilikuwa mhasibu wa kiwanda kimoja Dar. Malipo yanahitaji watu wawili: mimi naandaa faili, mkurugenzi anaidhinisha kwa tokeni, kile kidude kidogo cha kutoa namba. Mkurugenzi alikuwa anakitundika kwenye funguo za gari. Mwezi mmoja kaondoka kwenda msibani Moshi, mimi nimekaa na faili la watu 212 limeiva. Nampigia saa 5 usiku, yuko matangani, nyuma nasikia kwaya. Ananisomea namba sita kwa sauti ya chini, mimi naandika, lakini namba hazidumu, zinabadilika kabla sijamaliza. Mara ya kwanza imekataa. Mara ya pili kasoma 9 mimi nikasikia 6. Mara ya tatu mfumo ukafunga akaunti yake mpaka apige simu huduma kwa wateja asubuhi.
Kesho yake nafika getini, wafanyakazi wananiambia "hii benki yenu hovyo kabisa". Nikasema kweli, hovyo kabisa.

#11 Mla Kwa Mkopo (saa 6:45)
#10 Mungu anakuona.

#12 Mnyalu Ughaibuni (saa 7:08)
Niko Leeds, Uingereza, nafanya kazi nyumba ya wazee. Huku mishahara mingi inapita kwenye mfumo unaitwa Bacs, upo tangu 1968, na una siku tatu za kazi. Siku ya kwanza mwajiri anatuma faili, ya pili linachakatwa, ya tatu hela inakuwa kwenye akaunti. Kama siku ya mshahara ni Ijumaa, faili linatakiwa liwe limeondoka Jumatano. Ndiyo maana mhasibu wa huku akisahau Jumatano, Ijumaa anajificha.
Lakini uzuri wake, ikifika hiyo siku ya tatu hela unaikuta alfajiri. Ukiamka usiku wa manane kwenda chooni unachungulia simu, ipo. Siku ya mshahara ikiangukia sikukuu ya benki, waajiri wengi wanalipa siku ya kazi iliyotangulia.

#13 Mzee wa Riba (saa 7:12)
Siku TATU! Halafu mnaniambia hawazungushi.

#14 Mnyalu Ughaibuni (saa 7:15)
Mzee, huo ni mfumo wa zamani, wa enzi za tepu za sumaku kubebwa mkononi. Kuna wa haraka pia, tangu 2008, sekunde tu. Waajiri wamebaki na wa siku tatu kwa sababu ni rahisi na wameuzoea.

#15 Mzee wa Riba (saa 7:16)
Rahisi kwa nani?

#16 Mbeba Boksi (saa 7:50)
Sijalala, niko zamu ya usiku ghalani, Houston, Marekani. Huku tunalipwa kila wiki mbili, Ijumaa. Sasa sikieni hii. Kuna benki zinajitangaza "pata mshahara wako siku mbili kabla". Nilidhani ni utapeli. Nimefungua akaunti, kweli Jumatano hela ipo. Mwenzangu ninayepanga naye maboksi, kampuni moja, cheo kimoja, anasubiri Ijumaa asubuhi.
Nikauliza wanafanyaje. Nikaambiwa mwajiri anatuma faili siku moja au mbili mapema likiwa na tarehe ya Ijumaa. Benki zote zinaliona. Nyingine zinakaa nalo mpaka Ijumaa, maana kanuni inachowadai ni hela iwe tayari saa 3 asubuhi siku hiyo kama faili liliwafikia jioni ya kuamkia. Hizi nyingine zikishaliona tu zinaachia.

#17 Mzee wa Riba (saa 7:53)
Nimemaliza. Nakwenda kula.

#18 Kaunta Namba 4 (saa 8:05)
Rudi, Mzee wa Riba, kula baadaye. Hapo ndugu yetu wa Houston kasema "wanaona FAILI". Faili siyo hela. Faili ni ahadi kwamba Ijumaa hela itakuja. Ile benki inayoachia Jumatano inakukopesha fedha yake yenyewe siku mbili, ikiamini Ijumaa itarudishiwa. Inafanya hivyo kukuvuta wewe mteja. Mwajiri akighairi Alhamisi, nani anabaki na hasara?
Benki ya Chaki haijakalia hela. Inawezekana hela yenyewe ndiyo haijatua.

#19 Mbeba Boksi (saa 8:11)
Sasa mkuu, kama hela haijatua benki ya Chaki, imetuaje benki ya Fizikia? Si zimetoka mkono mmoja?

#20 Kaunta Namba 4 (saa 8:19)
Swali zuri. Fedha ikipita TISS, ule mfumo wa BoT wa tangu 2004, inakwenda moja moja, na ikifika imefika. Ikipita kwa EFT inakwenda kwa mafungu, fungu likikukosa unasubiri linalofuata. Halafu kuna wale ambao benki ya mwajiri na ya mfanyakazi ni moja. Hapo hakuna safari, ni kuhamisha kutoka droo hii kwenda droo ile, dakika tu. Kiwandani kwa #10 bila shaka waliokuwa benki moja na kiwanda ndio walikuwa wa kwanza.

#21 Ndimi Mhasibu (saa 8:22)
Kweli kabisa. Ndiyo maana ukiajiriwa sehemu unaambiwa "fungua akaunti benki fulani". Watu wanadhani mhasibu anakula asilimia.

#22 Mla Kwa Mkopo (saa 8:23)
Na huli?

#23 Bwana TEHAMA (saa 8:30)
Lakini siku hizi kuna TIPS, mfumo wa BoT wa malipo ya papo hapo, unafanya kazi usiku na mchana, wikiendi na sikukuu. Ukinitumia hela kutoka benki kwenda mtandao wa simu inafika kabla sijakata simu. Kwa nini mshahara usipite humo? Mambo ya mafungu tungeshayasahau.

#24 Kaunta Namba 4 (saa 8:34)
Mtu mmoja kumtumia mtu mmoja ni jambo moja. Faili la mwajiri mmoja lenye watu laki kadhaa ni jambo lingine.

#25 Bwana TEHAMA (saa 8:35)
Kwa kompyuta laki kadhaa ni dakika ngapi? Hapo ninakubaliana na Mzee wa Riba, ingawa simpendi.

#26 Wakili wa Mtaani (saa 8:48)
Wote mnazungumzia mitambo, hakuna aliyegusa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 27: mshahara unalipwa siku ya malipo iliyokubaliwa, muda wa kazi, mahali pa kazi, na kwa fedha TASLIMU, isipokuwa mfanyakazi akikubali kulipwa kwa hundi au kuwekewa kwenye akaunti aliyoitaja yeye. Benki ni hiari yako, siyo haki ya mwajiri. Na unatakiwa upewe maelezo ya maandishi ya jinsi mshahara ulivyokokotolewa na makato.
Saa haikutajwa. Imetajwa siku. Kwa hiyo Chaki, kama siku yako ya mshahara ni tarehe 24, mpaka saa za kazi ziishe hujadhulumiwa.

#27 Chaki Nyeupe (saa 8:52)
Wakili, siku yangu ya mshahara sijawahi kuiona imeandikwa popote. Kuna mwezi tarehe 21, kuna mwezi 25. Tunaijua kwa harufu.

#28 Wakili wa Mtaani (saa 8:55)
Ninyi watumishi wa umma mna sheria yenu na kanuni zenu, kwa hiyo hapo sikimbilii kusema. Nilikuwa nasema kwa ujumla.

#29 Mla Kwa Mkopo (saa 8:56)
Wakili karudi chumbani taratibu.

#30 Mzee Kijitabu (saa 9:05 alasiri)
Wanangu mnanichekesha. Mimi nimeanza ualimu 1984, shule ya msingi, porini kabisa. Mshahara ulikuwa haujui akaunti. Mwalimu mkuu, au mmoja wetu tunayemwamini, anaondoka na lori la pamba kwenda wilayani, anasaini orodha ya malipo, anarudi na bahasha za kaki. Ikinyesha mvua, mto unajaa, anakaa ng'ambo siku nne na mishahara yetu kiunoni. Sisi tunamwona, anatupungia. Hapo ndipo ungejua "umesoma" maana yake nini. Mke wangu alikuwa anakwenda mtoni kila jioni kuangalia maji yamepungua kiasi gani. Huo ndio ulikuwa uchunguzi wetu wa salio.
Baadaye tukafunguliwa vijitabu NMB, unaandikiwa kwa mkono na muhuri juu. Kijitabu changu ninacho mpaka leo.

#31 Bwana TEHAMA (saa 9:09)
Shikamoo mzee. Vijitabu hivyo ni vya mwaka gani?

#32 Mzee Kijitabu (saa 9:12)
Marahaba. 1988 hivi.

#33 Bwana TEHAMA (saa 9:14)
Basi haiwezi kuwa NMB mzee wangu. Benki zilitaifishwa Februari 1967, ikaanza NBC. NMB ilizaliwa 1997 NBC ilipogawanywa.

#34 Mzee Kijitabu (saa 9:31)
Nimekwenda kukitoa sandukuni. Ni NBC, umenishika. Jengo ndilo lile lile, lilibadilishwa kibao tu, na mimi kichwani nikabadilisha kibao.

#35 Nesi wa Ziwani (saa 9:40)
Hakuna anayezungumzia sisi ambao hela inatoka, inafika, halafu inakwama.
Nilipoajiriwa nilipeleka akaunti niliyofungua nikiwa chuo. Ina jina la baba. Kitambulisho cha taifa nimeandikisha baada ya ndoa, kina jina la mume katikati. Juu ya hapo akaunti yenyewe ilikuwa imelala, sikuigusa muda mrefu. Mwezi wa kwanza wenzangu wote umesoma, mimi hakuna. Napiga simu utumishi, wanasema imetoka. Naenda benki, wanasema haijaingia. Nimekwenda mara nne. Kuna benchi la mbao pale chini ya feni isiyozunguka, nimelijua kila msumari wake, nimekaa na cheti cha ndoa kwenye bahasha nasubiri kuitwa.
Mara ya nne dada mmoja akaniambia kwa upole: "Iliingia, ikakataa jina, tumeiegesha." Imeegeshwa! Kuna akaunti ndani ya benki ambayo hela zisizo na mwenyewe zinakaa kama mabegi stendi. Nilijaza fomu, nikaapa mahakamani kuhusu jina, mwezi wa tatu nikalipwa yote kwa mkupuo.
Kwa hiyo Chaki, jina lako la benki na la kwenye slipu ni moja, herufi kwa herufi?

#36 Chaki Nyeupe (saa 9:46)
Ni moja dada. Na mwezi uliopita ilisoma vizuri, ila mchana pia.

#37 Dawati la Nyuma (saa 9:50)
Mwalimu, una mkopo? Siri ambayo hawasemi ni hii: wenye mikopo wanachelewa kusoma kwa sababu benki inakata marejesho kwanza ndipo inaachia kilichobaki. Fizikia hana mkopo, ndiyo maana anakula chapati.

#38 Mtunza Cheki Namba (saa 9:58)
#37 hapana. Hiyo ni kwa sekta binafsi, tena siyo wote, ni wale walioiagiza benki ikate kwenye akaunti. Mtumishi wa umma mkopo wake unakatwa huko huko kwenye orodha ya mishahara kabla hela haijaelekea benki. Angalia slipu yako: kodi, mfuko wa pensheni PSSSF 5%, bima ya afya 3%, mkopo wa chuo 15% kama unadaiwa, chama, halafu marejesho ya benki. Inayofika akaunti ni ya mwisho kabisa pale chini. Benki haina cha kukata tena. Na kuna ile kanuni ya kubakiwa na theluthi moja ya mshahara, nayo inapimwa huko huko.

#39 Mla Kwa Mkopo (saa 10:01 jioni)
Theluthi yangu ndiyo inayomsubiri Mangi. Kausha damu, wale wa mikopo ya riba kali, wanasubiri nje ya duka la Mangi.

#40 Dawati la Nyuma (saa 10:03)
Nimekosolewa, nakubali. Ila ninaye jirani, kila akimaliza mkopo mshahara unawahi, akikopa tena unachelewa. Hilo nalo lina maelezo gani?

#41 Mtunza Cheki Namba (saa 10:05)
Akikopa anaanza kuutazama. Asiyesubiri hachelewi.

#42 Kanairo (saa 10:10)
Hamjambo watu wa huko chini. Hapa Nairobi ni yale yale. Nililinganisha mimi na mke wangu. Mwajiri wake hutuma kwa RTGS, njia ya moja moja kama TISS yenu, siku hiyo hiyo imeingia. Wangu hutuma kwa EFT kwa sababu ada yake ni nafuu, basi nangoja kesho yake. Nilimwuliza mdosi kwa nini asitumie PesaLink, njia ya papo hapo kati ya benki za huku, iko tangu 2017 na hupitisha hata Jumapili. Akaniambia, "Wewe unataka upesi, mimi nataka bei." Kwa hiyo wanaosema benki, wanaosema serikali, pia ulizeni nani analipa nauli ya hiyo pesa.

#43 Ndimi Mhasibu (saa 10:13)
Hii ndiyo hoja bora kuliko zote humu na imetoka kwa mgeni. Nilikuwa nafanya hivyo hivyo. Benki tofauti tatu, nachagua njia ya bei rahisi, halafu naenda kulala.

#44 Baharia wa Sharjah (saa 10:20)
Huku Emirates tangu 2009 mishahara inapita kwenye mfumo ambao wizara ya kazi inaona nani kalipa na nani hajalipa. Zamani bosi angekuzungusha miezi. Siku hizi akichelewa serikali inajua. Lakini saa? Saa hakuna anayejua hata huku. Kuna mwezi nimeikuta kwenye mashine saa 1 asubuhi, mwezi mwingine baada ya swala ya Isha. Wahindi tunaokaa nao chumba kimoja wana kikundi cha simu kazi yake ni hiyo tu: wa kwanza kuiona anatuma picha ya ua.

#45 Chaki Nyeupe (saa 10:34)
WAKUU UMESOMA.
Meseji imeingia saa 10:26, niko kwenye bodaboda. Ila kuna kitu nimekiona nataka mnisaidie. Nimefungua taarifa ya akaunti kwenye simu. Mstari wa mshahara una tarehe mbili. Tarehe ya muamala 24. Pembeni yake imeandikwa tarehe ya thamani: 23.
Yaani jana. Sasa jana ilikuwa wapi?

#46 Mzee wa Riba (saa 10:35)
Nimerudi kutoka kula.

#47 Kaunta Namba 4 (saa 10:44)
Hapana, hapana, tulieni. Tarehe ya thamani ni siku ambayo hela inahesabiwa kuwa yako kwa mambo ya riba. Benki imepokea jana, imeposti leo, kwa hiyo imeirudisha nyuma ili usipunjwe. Ni uungwana, siyo wizi. Kama wangetaka kukuibia wangeandika 24 zote mbili na usingejua kitu.

#48 Mzee wa Riba (saa 10:46)
Umesema mwenyewe: IMEPOKEA JANA. Saa 8 mchana ulituambia "inawezekana hela haijatua". Imetua. Imelala kwao. Mwalimu kalala na 3,450.

#49 Kaunta Namba 4 (saa 10:49)
Inaweza kuwa imepokelewa saa 5 usiku wakati wa kufunga hesabu.

#50 Mbeba Boksi (saa 10:50)
Na Fizikia saa 3 usiku? Kwani kwao hawafungi hesabu?

#51 Kaunta Namba 4 (saa 10:58)
Kila benki ina saa yake ya kufunga. Na faili linaweza kufika jumla bila orodha, au orodha ikiwa na mstari mmoja mbovu, kama wa dada yetu Nesi, likasimamisha wengine wote mpaka mtu aliangalie kwa macho. Mtu huyo anakuja saa 2 asubuhi, anakuta mafaili 40. Nimekuwa huyo mtu. Sikuwa nazungusha hela ya yeyote, nilikuwa natafuta miwani.

#52 Nesi wa Ziwani (saa 11:03)
Kwa hiyo miezi ile mitatu mimi ndiye niliyewachelewesha wenzangu wote wa benki ile? Naomba wasisome uzi huu.

#53 Mtunza Cheki Namba (saa 11:07)
Chaki, kama unataka kuhama benki, barua inapita kwa afisa utumishi wako, peleka mapema mwanzoni mwa mwezi kabla orodha haijafungwa. Na usifunge akaunti ya zamani mpaka uone mshahara wa kwanza umesoma kwenye mpya. Watu wengi wanaumia hapo.

#54 Mla Kwa Mkopo (saa 11:10)
Bado ipo lakini, au imeshapita kusalimia?

#55 Chaki Nyeupe (saa 11:25)
Ada ya mtoto imekwenda, Mangi kaenda, kikoba kimekwenda. Ya mahindi ninayo. Asanteni sana wakuu.

#56 Chaki Nyeupe (Jumapili tarehe 26, saa 2:10 usiku)
Mrejesho mfupi kwa walioniuliza pembeni. Mtu wa mahindi alikuja. Anasema Ijumaa asubuhi angenipa gunia kwa bei tuliyokubaliana, ila jioni yake walimu wote wa kata walikuwa na hela, kwa hiyo Jumamosi kapandisha elfu tatu kila gunia.

#57 Mzee wa Riba (saa 2:14)
Hiyo elfu tatu ndiyo tarehe yako ya thamani.

#58 Kaunta Namba 4 (saa 2:20)
Mzee, njoo uchukue trei la mayai upumzike.

#59 Ajira Mpya (tarehe 22 mwezi uliofuata, saa 2:47 usiku)
Samahani wakuu sijasoma uzi wote, ni mrefu. Kuna mwalimu yeyote umesoma?

#60 Chaki Nyeupe (saa 2:55)
Nimeshahama benki, sasa niko moja na Fizikia. Yuko hapa kwangu, tunatazama mpira. Kila mtu kashika simu yake. Bado.